Maziwa Yaliyopotea Kakuma

Siku mliyoniaga pale kantini, mmoja wenu alisimama akasema kwamba Daktari Wafula hajawahi maishani mwake kukubali hesabu isiyofunga. Mkapiga makofi. Mimi nikaendelea kula keki, maana kisa cha hesabu isiyofunga ni kirefu na keki ilikuwa ndogo. Sasa nimestaafu, muda ninao, na Nekesa mke wangu ameniambia nikitaka kukisimulia tena nikawasimulie kuku. Nimeona heri niwaandikie ninyi mliobaki na matangi na mabomba.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara wangu ulikuwaje. Hayo yamo kwenye faili, na hayajawahi kumfurahisha mtu, hasa mimi. Nataka kuwaeleza nilivyoipata shahada ya udaktari, kwa sababu baadhi yenu mnaitafuta sasa na ninawaona mnavyokonda. Mwenzenu nilikonda pia. Nilipona, na hata leo nikikumbuka nilivyopona nashusha pumzi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimeandikishwa katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, kwenye mji wa ukungu na viazi, nikisomea uhandisi wa kemikali na uchakataji. Kazi yetu, kwa yeyote atakayeokota karatasi hizi bila kutujua, ni kuchukua kitu kama maziwa, miwa au mafuta ghafi na kukigeuza kiwe kingine bila kupoteza kingi njiani. Wenzangu walichagua petroli, asidi na sabuni. Mimi nilichagua kukausha maziwa, na aliyenitia katika shimo hilo ni Profesa wangu.

Alikuwa Mskoti mrefu, mpole, mwenye suruali fupi kidogo kuliko miguu yake. Aliniuliza kama kwetu kuna watu wanaokausha maziwa bila mashine. Nikamwambia kwetu Bungoma hatuyakaushi, tunayanywa yakaisha. Ila nimesikia kwamba Waturkana, mvua ikinyesha na maziwa yakizidi, huyatikisa kibuyuni, wakatoa siagi, wakamwaga yanayobaki juu ya ngozi iliyotandazwa juani, yakakauka yakawa unga. Unga huo huitwa edodo, na ni akiba ya kiangazi. Profesa aliinuka kitini. "Kiwanda cha maziwa ya unga," akasema, "na hakina hata msumari mmoja!" Hivyo ndivyo nilivyopata mada, kabla hata sijaitaka.

Nilitakiwa kueleza jinsi maji yanavyotoka katika maziwa yaliyo juu ya ngozi, kwa joto gani, kwa upepo gani, na kwa kasi gani, ili siku moja mtu aweze kubuni kikaushio rahisi kwa nchi kavu. Na sheria ya kazi, ile ya kufunga hesabu, ilikuwa ileile niliyowachosha nayo ninyi kwa miaka yote hii. Kilichoingia lazima kionekane. Ama kimetoka, ama kimebaki ndani. Profesa aliongezea la kwake: "Na kama hakionekani, Wafula, hakijapotea. Wewe ndiye uliyepotea."

Mwaka wa kwanza nilikwenda Turkana na mvua haikuja. Nilikaa nikitazama mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa watu wengine, nikarudi mikono mitupu. Wafadhili wangu wakanipa msimu mmoja tu wa ziada, wakasema wazi kwamba baada ya huo mfuko umefungwa. Baba yake Nekesa naye, ambaye nilikuwa nimemposa bintiye, aliuliza swali moja tu: huyu kijana anayesomea maziwa yasiyokuwepo atamaliza lini? Kwa hiyo niliporudi Lodwar mara ya pili, nilikuwa nimebeba masomo na harusi katika sanduku moja.

Lodwar ya wakati ule ilikuwa mtaa mmoja wa maduka, ofisi za serikali, mikoma kando ya mto Turkwel, na jua. Nilipewa stoo ya mabati nyuma ya ofisi ya mifugo. Mchana kipimajoto changu kilipanda mpaka nikaacha kukitazama, kwa heshima. Tanuri la kukaushia sampuli nililitengeneza kwa debe la mafuta ya kupikia na jiko la mafuta ya taa. Kulikuwa na saa ambapo kuliwasha ilikuwa kujisumbua bure, kwa kuwa stoo nzima ilikuwa tanuri nami nilikuwa sampuli.

Idara ya mifugo iliniazima mtu wa kunitafsiria, Lokwang, Mturkana wa makamo aliyekuwa amechanja ng'ombe wote wa wilaya ile na kukanyagwa na nusu yao. Alizunguka vyombo vyangu nilivyovipanga juu ya meza, akavikagua kimoja kimoja.

"Hii yote ni ya maziwa?" akauliza.

"Yote."

"Na maziwa yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia natumaini kuyapata hapa Lodwar. Akachekea puani. "Bwana, Lodwar iko ofisi. Maziwa iko Kakuma, kama mvua inataka."

Mvua ilitaka. Wiki ile ile tulisikia kwamba upande wa Kakuma imenyesha mpaka mto Tarach umejaa, na tukapanda, pamoja na vyombo vyangu na lile debe, lori lililobeba unga wa mahindi na sukari. Kila tulipofika kwenye laga, yaani mto mkavu ambao siku hiyo haukuwa mkavu, dereva alizima injini, tukashuka, tukangoja maji yapungue. Sikuwahi kufurahia kukwama njiani kama siku ile. Abiria wengine walilalamika, mimi nilikaa ukingoni nikitazama yale maji mekundu kama mtu anayetazama mahari ikiletwa.

Kakuma ilikuwa maduka machache, kituo cha polisi na kanisa. Mnaoijua kwa habari za kambi ya wakimbizi, iondoeni kambi hiyo kichwani. Ilikuja baadaye sana. Lokwang alinipeleka ng'ambo ya Tarach, kwenye boma la ndugu zake wa mbali. Wanawake wawili ndio walioshika mambo ya maziwa pale. Akai, mke wa mwana wa nyumba ile, ndiye aliyetikisa vibuyu na kumwaga maziwa juu ya ngozi. Mama mkwe wake, Napeyok, alikuwa mzee, miguu imekataa kufuata mifugo, na kazi yake ilikuwa kukaa kando ya ngozi na fimbo ndefu, akiwafukuza mbuzi na kunguru.

"Ejok," nikasalimia kwa Kiturkana.

"Ejok-noi," akajibu Napeyok, akaniuliza jina. Lokwang akamweleza kwamba Wafula kwetu ni mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Mzee akapiga paja. Basi huyu ni Ekiru, jina la mtoto wa mvua kwao, akasema, tena amekuja na mvua yake. Tangu hapo sikuwa na jina lingine. Niliwapa unga, sukari na tumbaku, nikakubaliwa kupima kila kitu nilichotaka, mradi nisizuie kazi.

Niseme kidogo juu ya vifaa, kwa sababu ninyi mmezaliwa na mashine zinazojisomea zenyewe. Nilikuwa na mizani ya kuning'iniza kwenye miti mitatu, ambayo chini yake tulifunga fremu yenye ngozi ya mbuzi na maziwa juu yake. Nilikuwa na rula ya kuhesabia, ile ya kutelezesha. Nilikuwa na vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja kilichovikwa kitambaa chenye maji, ili tofauti yao inipe unyevu wa hewa. Kitambaa cha kwanza kililiwa na mbuzi. Cha pili pia. Cha tatu nilikiwekea boma la miiba, na nadhani nilikuwa mwanasayansi wa kwanza kuzungushia kipimajoto ua.

Utani ulianza siku ya pili au ya tatu. Napeyok alinitazama nikikimbia kutoka kwa ngozi hadi kwa kipimajoto, akamwambia Lokwang maneno marefu huku akicheka.

"Anasema," Lokwang akatafsiri, "mwanaume anajali maziwa hivi na hana hata ng'ombe moja, huyu anatafuta bibi. Yeye ako na binti ya mwisho, ameenda na ngamia. Anasema kuanzia leo wewe ni mkwe. Lete ng'ombe, lete ngamia, utapewa."

Kila mtu akacheka, na mimi nikacheka. Lakini kuna mambo ambayo ukilelewa nayo hayakubali utani. Kwetu, mama mkwe si mtu wa kutazamwa. Humpi mkono, huli mbele yake, wala humwangalii yeye akila. Ukimwona njiani unaingia kichakani. Bibi yangu alinilea kwa sheria hizo, na neno mkwe likitamkwa tu shingo yangu hugeuka yenyewe. Lokwang aliniambia, "Bwana, ni mchezo tu." Nilijua ni mchezo. Hata hivyo kesho yake nilihamisha kiti changu, nikaketi nimewapa mgongo Napeyok na ngozi zake, nikavielekea vipimajoto. Kila nilipotaka kwenda kusoma mizani nilikohoa kwanza, kwa sauti, ili mama mkwe ajitengeneze. Kisha ndipo nikageuka.

Napeyok alipendezwa sana. Alimwambia Akai, na Akai akamwambia Lokwang, kwamba kumbe watu wa huko chini nao wana adabu. Nilivimba kichwa kwa sifa hiyo.

Kazi ikaenda, na hesabu ikaanza kunisumbua. Kila asubuhi, kabla Akai hajamwaga maziwa juani, nilichukua kijiko kimoja na kukikausha ndani ya debe langu mpaka kikabaki kikavu kabisa. Hapo nilijua maziwa yote ya siku ile yana unga kiasi gani ndani yake. Jioni nilipima unga uliopatikana juu ya ngozi. Siku nyingi ulipungua. Si kidogo cha kusamehe. Ulipungua kiasi cha kumwaibisha mtu. Tena ukitazama mizani, maziwa yangu yalikuwa yakikauka upesi kuliko sayansi inavyoruhusu.

Nilishuku upepo. Nikazungushia ngozi kitambaa cha hema. Upungufu ukabaki. Nilishuku sisimizi. Nikaweka miguu ya ile miti mitatu ndani ya makopo ya maji, mbuzi wakaja kunywa, na upungufu ukabaki. Nilishuku ngozi inanyonya. Nikaipima yenyewe kabla na baada, na haikuwa imenyonya chochote cha maana. Kisha nikaona jambo la ajabu zaidi. Siku za vumbi na upepo mkali, ambapo unga ulipaswa kupeperuka, hesabu ilifunga sawasawa. Siku tulivu, zenye jua zuri, ndipo unga ulipopotea. Na siku moja wageni wengi walipokuja bomani kwa ajili ya ndoa, unga ulipotea kuliko siku zote, nami nikaandika kwamba pengine ni joto la miili ya watu.

Mnacheka. Chekeni. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nilikaa na rula yangu nikafikiri, na nikapata jibu zuri mno. Hewa ikitulia, nilisema, uso wa maziwa hupata joto kupita kiasi, sukari iliyomo huvunjika, na sehemu yake huondoka kama gesi. Upepo ukivuma uso hupoa na kuvunjika hukoma. Karibu kila nukta ya vipimo vyangu ilikaa mahali pake, na chache zilizokataa nilizisukuma kando. Nilichora mchoro, nikaandika sura nzima, sura ya nne, nikaituma kwa Profesa kutoka posta ya Lodwar. Usiku wa siku hiyo nililala usingizi wa mtu mkubwa.

Jibu lilikuja kwa simu ya maandishi: NAKUJA KUONA. Barua iliyofuata ilieleza. Profesa hajawahi kukutana na jambo kama hili katika maandishi yoyote. Amewaeleza wenzake katika mkutano. Mmoja wao, aliyekuwa awe mtahini wangu, amelitilia shaka, na Profesa amenitetea. Sura ya nne ndiyo moyo wa tasnifu, akaandika, ikisimama, nimemaliza. Hakuandika itakuwaje ikianguka. Haikuhitajika.

Alitua uwanja wa ndege wa Lodwar akiwa na kofia pana na pua ambayo tayari ilikuwa nyekundu. Nilimchukua kwa Landrova ya idara, na njia yote hadi Kakuma alizungumza juu ya sukari inayovunjika. Mvua ilikuwa imekwisha wakati huo. Nyasi zilianza kuwa kahawia, ng'ombe walianza kupunguza maziwa, na Akai alikuwa ameniambia kupitia Lokwang kwamba edodo ya mwaka huu imebakiza siku chache.

Tulifika bomani asubuhi tulivu, jua zuri kabisa kwa gesi zangu. Profesa alisalimia kila mtu, akaketishwa kwenye kigoda, akiwaelekea Napeyok na ngozi. Mimi nikaketi mahali pangu, mgongo kwao, macho kwa vipimajoto. Nilianza kumsomea joto na unyevu. Alinijibu mara mbili tatu, kisha akanyamaza.

"Wafula," akasema hatimaye, polepole. "Yule mama anafanya nini?"

"Analinda ngozi, Profesa."

"Geuka umtazame."

"Siwezi, Profesa. Ni mama mkwe wangu." Nikaona anahitaji maelezo zaidi, nikaongeza, "Kwa utani."

"Wafula, geuka."

Nikakohoa kwa mazoea. "Usikohoe!" akasema Profesa, lakini nilikuwa nimekwisha kohoa. Nilipogeuka Napeyok alikuwa ameketi wima na fimbo yake, mtulivu, uso wa mlinzi. Mdomoni alikuwa na weupe. Kidole chake cha shahada nacho kilikuwa cheupe mpaka kiungo cha pili. Na kwenye ukingo wa ngozi yangu, upande ule ulio karibu naye, palikuwa na njia safi ya kidole, ndefu, iliyopita katikati ya sura ya nne.

Nilimwomba Lokwang amuulize kama hufanya hivyo kila siku. Lokwang alisitasita, kisha akauliza. Napeyok alijibu bila aibu hata kidogo, maana hakuwa na la kuonea aibu.

"Anasema," Lokwang akaanza, akimkwepa Profesa kwa macho, "nikae na chakula kwa jua siku mzima, mdomo nimefunga? Mimi ni mbuzi ya kamba? Anayelinda anaonja. Mgeni akipita, anaonja. Hii ni ya siku zote, mama yake alifanya, mama ya mama yake alifanya."

"Mbona hakuniambia?" nikapiga kelele.

Lokwang akauliza. Safari hii mzee alinitazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mtoto.

"Anasema Ekiru anajua. Ndiyo sababu anageuka, ili mzee akule na heshima yake. Na akitaka kuja, anakohoa kwanza, apanguse mdomo. Anasema hajawahi kupata mkwe mzuri kama wewe."

Nilimtafsiria Profesa neno kwa neno. Sikuona faida ya kulipunguza. Nilieleza pia juu ya mila ya kwetu, juu ya bibi yangu na kichaka cha njiani, na kwa nini nilikuwa nimekaa msimu mzima nikiupa mgongo ugunduzi wangu. Nilipomaliza nilikuwa nikilia, na siwafichi. Niliona msimu umekwisha, maziwa yamekwisha, mfuko umefungwa, na baba yake Nekesa amesimama mlangoni akiuliza swali lake.

Profesa alivua kofia, akaiweka magotini. Alifumba macho. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani naye analia, na kweli machozi yalikuwa yakimtoka, lakini yalikuwa ya kicheko. Alicheka mpaka Napeyok akaanza kucheka, na Akai, na Lokwang, na mwishowe mimi mwenyewe, huku bado nikiwa na kamasi.

"Nilikuambia wewe ndiye uliyepotea," akasema alipopata sauti. "Sikujua kwamba nimepanda ndege kuja kupotea pamoja nawe. Sasa tunafanya nini?"

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini. Hakusema tufunge mizigo. Hakusema atawaambia nini wenzake. Aliuliza tunafanya nini, na akavuta kigoda chake akasogea karibu na mizani.

Kitu cha kwanza kilichotujia kilikuwa kibaya. Tulimwomba Napeyok asionje kwa siku zilizobaki. Akasema basi mlinde wenyewe. Tukajaribu kumpa bakuli la edodo ya jana, akaonja, akalirudisha. Edodo ya jana si edodo ya jua la leo. Hapo Akai, ambaye msimu mzima alikuwa amenena nami maneno machache tu, akaingia ndani akatoka na ngozi ndogo ya mwanambuzi. Akaitandika kando ya Napeyok, akamimina juu yake maziwa kutoka kibuyu kilekile. "Hii yake na wageni," akaniambia kwa Kiswahili, akinyooshea kidole. "Hiyo yako."

Tukapima ngozi zote mbili. Napeyok alikubali, kwa sharti kwamba mimi nikae kama nilivyokuwa nikikaa. Hakutaka kutazamwa akila na mkwe, ngozi iwe kubwa au ndogo. Nikarudisha kiti changu, nikampa mgongo, na Profesa mwenyewe ndiye aliyekaa akimlinda mlinzi, siku nzima juani, na pua yake ikabambuka.

Jioni nilikausha, nikapima, nikatelezesha rula. Nilirudia. Kisha nikampa Profesa karatasi. Kilichoingia kilionekana chote. Sijui niwaelezeje furaha ile. Nimefunga ndoa, nimepata watoto, nimewasha viwanda vikanguruma kwa mara ya kwanza, na nyakati zote hizo nilifurahi. Lakini wepesi ule wa kifua, wa kuona tarakimu mbili zimelingana bomani kwa Napeyok, sijaupata tena.

Ng'ombe walitupa siku chache zaidi, na Akai alizipanga kwa ukarimu: sehemu ya watoto kwanza, kisha yangu. Hazikutosha zenyewe. Kilichoniokoa ni zile siku za vumbi nilizokuwa nimezidharau. Siku za vumbi Napeyok alikaa ndani ya nyumba yake, Akai akilinda huku akitikisa vibuyu, mikono imejaa, na mara moja aliugua homa akalala siku kadhaa. Vipimo vya siku hizo vyote vilikuwa safi, vimekaa kwenye karatasi zangu vikinisubiri. Niliunganisha siku za vumbi, siku za homa na siku za ngozi ndogo, nikapata mchoro wa kukauka uliokuwa wa kawaida kabisa, usio na gesi wala ugunduzi. Ulikuwa wa kweli, na ulitosha.

Sura ya nne niliichana Lodwar, ndani ya stoo ile ya mabati, nikaiwashia jiko la mafuta ya taa. Profesa alikuwa amekwisha rudi kwao na kuwaeleza wenzake, wote, mkutanoni, jinsi ilivyokuwa. Hakunificha nyuma ya maneno wala hakunitupa mbele. Hadi leo nikikuta msimamizi anayemlaumu mwanafunzi mbele za watu kwa kosa ambalo naye alilishangilia, hunipanda hasira.

Siku ya mtihani wa mdomo nilivaa suti ya kuazima. Mtahini, yule aliyenitilia shaka, alikuwa na kichwa kipara na kalamu nyekundu. Alipitia kurasa zangu, akasimama kwenye sura ya nne mpya.

"Hapa umeandika kwamba mlinzi alipewa ngozi yake mwenyewe na kwamba hesabu iliizingatia. Kwa nini mlinzi apewe ngozi?"

"Kwa sababu mlinzi huonja, bwana."

"Na kama asingepewa?"

"Angeonja vilevile. Ila mimi nisingejua."

Profesa, aliyeketi pembeni, alitoa mfukoni kikopo kidogo cha tumbaku, akakifungua mezani. Ndani mlikuwa na edodo. Mtahini aliinusa, akachovya kidole, akaramba. Akaandika kitu pembeni mwa ukurasa. Kisha, akidhani hatumtazami, akachovya tena. Hapo nikajua nimepita, na mabega yangu yakashuka kutoka masikioni yalikokuwa yameishi kwa miaka.

Baba yake Nekesa alijibiwa swali lake. Tulifunga ndoa Bungoma mwaka uleule, na baada ya mvua zilizofuata nilipanda tena lori kwenda Kakuma, na tasnifu iliyojalidiwa kwa jalada jekundu ndani ya mfuko wa turubai. Lokwang alikuja nami. Napeyok alikuwa palepale, na fimbo ileile, ngozi mbili zimetandikwa juani, kubwa na ndogo. Alishika kitabu, akakipima uzito mkononi, akakirudisha.

"Anauliza, maziwa yote ile imekuwa hii?" akasema Lokwang.

"Mwambie ndiyo."

"Anasema mngekula tu."

Kisha akaniuliza kama nimeleta ng'ombe wa mahari. Nikamwambia nimeoa kwetu. Akasikitika kidogo, akasema binti naye ameolewa, lakini mkwe ni mkwe. Akai akaniletea kigoda. Sikuwa na mizani siku hiyo, wala kipimajoto, wala wafadhili, wala chochote kilichotakiwa kufunga. Nikakigeuza kigoda kikaelekea milimani, nikaketi nimempa Napeyok mgongo. Baada ya kitambo nikasikia nyuma yangu sauti ndogo ya ulimi na kidole. Ilitoka upande wa ngozi kubwa.

Sikukohoa.